Fomu yenye sahihi mbili: hotuba yangu ya Iringa kuhusu ruzuku ndogo za utafiti wa mageuko

Wengi mlikuwa mnasimamia mitihani Jumamosi ile na wengine mlikwama njiani, mkaniomba niiweke hapa hotuba yote. Basi hii hapa, karibu neno kwa neno kama nilivyoiongea mbele ya walimu na wanafunzi wa vyuo vyetu vya nyanda za juu kusini. Slaidi nimeziacha, pale nilipokuwa naonyesha picha nimeeleza kwa maneno.

Kamwene!

Haya, na wale mlioamka usiku wa manane kutoka Tukuyu na Kyela, mwagonile! Poleni na baridi ya barabarani. Wakuu wa idara, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi wazee wetu wa kijijini mliokubali mwaliko wetu mkakaa hapa mbele, shikamooni.

Naanza na swali. Nani humu ndani hakukariri Isimila alipokuwa shule? Naona hakuna mkono. Sote tuliandika, Isimila iko Iringa, zana za mawe, tukapata vema, tukasahau. Sasa nani amewahi kushuka lile korongo kwa miguu yake? Eeh, mikono michache, na kutoka hapa ni kama kilomita 20 tu kwa barabara ya Mbeya, kosta zinapita kila siku.

Mwaka 1951 aliyeziona zile shoka za mawe zimezagaa korongoni alikuwa mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, anapita tu safarini. Mwanafunzi! Mwaka 1957 na 1958 wakaja akina Clark Howell kutoka Marekani wakachimba, wakapata shoka za mkono nyingi mno na mifupa ya wanyama akiwemo kiboko wa aina ambayo leo haipo tena duniani. Ila ukiwauliza hivi vitu vina umri gani, wachimbaji peke yao hawakuwa na jibu la uhakika, jiwe halisemi lilichongwa lini. Jibu lilikuja walipoungana na watu wa kipimo, wale wanaoangalia urani inavyogeuka kuwa thoriamu ndani ya mfupa, na mwaka 1972 ikachapishwa kwamba ni takriban miaka 260,000. Sasa angalieni, mfupa ni wa mtu wa wanyama, kipimo ni cha mkemia, jiwe ni la mwanaakiolojia. Mtoe mmoja hapo uone kama kuna kitu kinabaki cha kukariri.

Ndugu zangu, nimekuja kusema jambo moja na nitalirudia mpaka mlichoke. Kila chuo chetu kitenge hela kidogo, kila mwaka, kwa watu wawili wa idara mbili tofauti wenye swali moja kuhusu mageuko ya viumbe, yaani namna viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi. Hela kidogo! Sisemi milioni 500. Nasema milioni 2, milioni 3. Fomu ya kurasa mbili, chini yake sahihi mbili za watu wa idara mbili, na ikija na sahihi moja irudishwe ilikotoka.

Mtaniuliza kwa nini mageuko, mbona hela zisiende kwenye kitu kingine. Kwa sababu mageuko hayana idara. Baiolojia wana seli na vinasaba, historia wana zamadamu na majembe ya kale, watu wa tiba wana vijidudu vinavyozoea dawa, kilimo wana mbegu, isimu wana majina ambayo mababu waliwapa hao wanyama na hizo mbegu. Kila mmoja ameshika kipande, na mfuko wa utafiti wa chuo unatolewa kwa idara, kwa hiyo swali linalokaa katikati ya idara mbili halina baba wala mama. Linazunguka kwenye korido mpaka linachoka.

Ngoja niwape habari ya kipunji.

Watu wa Rungwe mnamjua huyu nyani mwenye nywele zilizosimama utosini, mkia mrefu, na mlio kama honi inayokoroma. Duniani alikuwa hajulikani kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2003 watafiti wa shirika la kuhifadhi wanyamapori la WCS waliokuwa wanafanya kazi kwenye misitu ya Mlima Rungwe wakakaa na wawindaji wa Kinyakyusa, wakawauliza, humu msituni mna wanyama gani. Wawindaji wakawataja, mmoja baada ya mwingine, wakamtaja na kipunji. Wale watafiti wakabaki njia panda, maana Wanyakyusa wana masimulizi mengi na ndani yake wapo wanyama wa kweli na wapo wa mizimu, sasa huyu ni wa upande gani? Wakamtafuta. Mwezi wa tano wakamwona kwa mbali, vibaya vibaya. Desemba wakamwona vizuri. Mwaka uliofuata timu nyingine kabisa, wala hawakuwa wanajua habari za wenzao, wakamkuta Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, huku kwetu Iringa. Mwaka 2005 habari zake zikachapishwa.

Halafu ikatokea hivi. Walikuwa wamempanga kwenye kundi fulani la nyani kwa kumtazama kwenye picha tu. Mwaka huohuo wa 2005 kipunji mmoja mdogo akanaswa kwenye mtego wa mkulima, shambani, mahindi yale, akafa. Ule mwili ukapimwa vinasaba, ukaonyesha yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida, hawa wakubwa wanaokaa barabarani, kuliko lile kundi alilopangwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Jina la Rungwe likaingia kwenye vitabu vyote vya dunia. Jenasi mpya ya nyani Afrika haikuwa imetokea tangu mwaka 1923!

Mnaona nani na nani wameshika hii hadithi? Mwindaji mwenye kumbukumbu, mtu anayejua kukaa na wazee na kusikiliza bila kuwakatisha, mtu wa msitu mwenye miguu, mtu wa maabara, na mkulima wa mahindi ambaye kwa kweli alikuwa analinda chakula cha watoto wake. Na hatua ya kwanza, ile iliyofungua mlango, iligharimu nini? Ni kukaa na watu na kuuliza. Hicho ndicho milioni 2 inanunua! Nauli, chai, sukari ya kubeba kwa mwenyeji, siku kumi za kusikiliza. Hesabu iliyofanyika baadaye mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu, wote, dunia nzima. Fikirieni tungechelewa kuuliza.

Inaniuma kitu kimoja na nitakisema wazi. Wawindaji ni wetu, msitu ni wetu, lugha ni yetu, wanafunzi wanaoongea Kinyakyusa tangu tumboni wamejaa kwenye madarasa yetu, na bado swali lililetwa na wengine. Siwalaumu waliokuja, walifanya kazi nzuri sana na ya heshima. Najiuliza sisi. Mwanafunzi wangu wa Tukuyu ambaye babu yake alikuwa mwindaji, angepata wapi laki tano ya kwenda kumrekodi babu yake? Wapi? Nionyesheni hiyo ofisi.

Sasa tushuke kidogo kutoka mlimani, twende Ziwa Masoko. Wenyeji wanaliita Kisiba. Kwa wasiolijua, ni ziwa dogo la duara lililokaa kwenye shimo la volkano ya zamani, upana wake kama mita 700, unaweza kulizunguka kwa miguu ukarudi kabla chai haijapoa sana. Watu wengi wanalijua kwa habari za Wajerumani, boma lao liko palepale, na zile simulizi za hela zilizotupwa majini wakati wa vita. Mimi nataka niongee habari za samaki.

Hilo shimo lina umri wa kama miaka 50,000. Wanajiolojia waliwahi kuja miaka ya 1990 wakatoboa tope la chini, maana tope la ziwa linajipanga tabaka juu ya tabaka kama kurasa, unasoma humo mvua za zamani, ukame, chavua za miti, majivu ya volkano. Hawakuja kwa ajili ya samaki hata kidogo. Baadaye wakaja watu wa samaki, kutoka vyuo vya Uingereza vya Bangor, Bristol na Cambridge pamoja na wenzetu wa TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi. Wakakuta kwenye kile kijiziwa kuna samaki wa ukoo mmoja, wa jamii ya sato na wale mbuna wa Ziwa Nyasa, lakini wamegawanyika. Madume wa kando, kwenye maji mafupi yenye mwanga, ni wa njano. Madume wa chini, kwenye kina cha mita 20 na zaidi ambako kuna giza giza, ni wa bluu iliyokolea. Chakula chao tofauti, umbo la taya tofauti. Wakapima vinasaba, wakakuta wameanza kuachana kati ya miaka 500 na 1,000 iliyopita.

Naomba mtulie na hiyo namba. Miaka 500 mpaka 1,000. Wakati huo kuna watu duniani wanalima, wanafua chuma, wanaimba kwenye misiba. Tumezoea kusikia mageuko ni mamilioni ya miaka, kitu cha mbali, cha Olduvai, na hapa kwenye ziwa ambalo bibi anachota maji, samaki mmoja anaanza kuwa wawili, na hawajamaliza bado. Yaani bado wanaendelea, leo, tukiwa tumekaa hapa! Na sehemu za vinasaba zilizotofautiana zaidi zimo zinazohusu jicho, namna ya kuona mwanga. Jike wa chini gizani na jike wa juu juani hawaoni dume kwa jicho moja. Ilichapishwa mwaka 2015, ikasomwa dunia nzima.

Niliposoma ile kazi sikulala. Nilikuwa nawaza, huyu wa samaki amesimama juu ya tope la yule wa jiolojia. Bila kujua shimo lina umri gani huwezi kusema samaki wamekaa humo muda gani. Na bado kuna maswali hawajayagusa ambayo ni ya kwetu kabisa. Wavuvi wa Masoko wanawaitaje hawa wawili, jina moja au mawili? Kama ni mawili, tangu lini? Wazee wanakumbuka nani alileta samaki wengine pale, na mwaka gani? Hilo ni swali la mtu wa isimu na mtu wa samaki, wawili, nauli ya kutoka Mbeya mpaka Tukuyu na bodaboda ya kushukia ziwani. Nawaambia ukweli, hilo swali mtu wa mbali hawezi kulifanya kama utakavyolifanya wewe unayejua kumwamkia mzee wa Kinyakyusa inavyotakiwa, ukapiga magoti kidogo, ukangoja. Kile kimya cha kungoja hakifundishwi kwenye kozi ya mbinu za utafiti.

Bonde la Rukwa nitalipita haraka maana muda unakimbia. Mwaka 2013 timu ya Nancy Stevens ilitangaza visukuku viwili, mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, kutoka kwenye miamba ya Nsungwe, kipande cha taya na kipande kingine chenye jino moja tu. Jino moja! Miamba ikapimwa, miaka milioni 25.2. Wale wa vinasaba walikuwa wameshasema muda mrefu kwamba ukoo wa sokwe na ukoo wa nyani wa dunia ya kale, hawa wa Afrika na Asia, uliachana kati ya miaka milioni 25 na 30 iliyopita, ila visukuku vya kuthibitisha vilikuwa havijaonekana, mpaka hapo. Vikaonekana huku kwetu kusini magharibi.

Sasa nawaona wa afya mnanitazama kama vile hii si mada yenu. Ni yenu kuliko ya mtu yeyote.

Mwaka 1949 mwanafunzi wa udaktari wa Oxford anaitwa Anthony Allison, mtu aliyekulia Kenya, alijiunga na msafara wa chuo chake kwenda Mlima Kenya. Wenzake wanakusanya mimea na wadudu, yeye akawa anachukua damu za watu, makabila mbalimbali, pwani, kanda ya ziwa, milimani. Akaona chembe za selimundu, sikoseli, ziko nyingi pwani na karibu na Ziwa Viktoria, na milimani kwenye baridi karibu hazipo. Akajiuliza kwa nini. Ugonjwa unaoua watoto, mbona hauishi, mbona umekaa palepale? Akaunganisha na mbu. Anayerithi chembe hizo kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria kali, na palipo na malaria nyingi hicho kinasaba kinabaki. Baada ya vipimo zaidi Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanganyika akachapisha mwaka 1954. Ikawa moja ya ushahidi wa kwanza na wa wazi kabisa wa uteuzi wa asili kwa binadamu, yaani mazingira yenyewe kuchagua sifa zipi zibaki, na ulianza na safari ya wanafunzi. Daktari peke yake angeona mgonjwa, mtaalamu wa mbu peke yake angeona mbu, na ramani ya makabila peke yake ni ramani tu.

Halafu klorokwini. Wa umri wangu mnakumbuka ule uchungu na kule kujikuna usiku. Ikafika mahali haifanyi kazi, vimelea vimeizoea, mwaka 2001 Tanzania tukaacha kuitumia kama dawa ya kwanza, baadaye ikaja mseto. Jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe hapo, waliiacha mapema zaidi, mwaka 1993. Sasa miaka kama kumi na kitu baadaye watafiti pale Blantyre wakaijaribu tena kwa watoto 80 wenye malaria. Ikashindwa kwa mtoto mmoja tu. Mmoja kati ya 80! Dawa ilipoondoka, vimelea sugu havikuwa tena na faida, wale wanaosikia dawa wakarudi. Hayo ndiyo mageuko, ndugu zangu, hayahitaji fuvu wala korongo, yanapita kwenye damu ya mtoto. Ila vimelea havibadiliki hewani, vinabadilika kutokana na namna sisi tunavyonunua dawa, tunavyomeza nusu na kumwekea mdogo mtu nusu, duka gani linauza nini. Hapo unamhitaji mtu wa uchumi na mtu wa sosholojia wakae na mtu wa maabara. Nani anawalipia hao watatu wakae meza moja? Kwa sasa hakuna.

Nije kwangu. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa kwenye chuo kingine, mimi na mwenzangu wa historia tulitaka kufuatilia maharage ya Umalila na Ileje. Mnajua kina mama wa kule hawapandi aina moja, wanachanganya, kablanketi, ya njano, meupe, madoadoa, mkono mmoja unatoa rangi sita. Maharage asili yake ni Amerika, yalifika Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari, kwa hiyo yako hapa karne chache tu, na katika hizo karne yamezoea udongo wetu, ukungu wetu na mikono ya mama zetu. Mimi nilitaka kuangalia zile mbegu zinatofautianaje. Mwenzangu alitaka kumuuliza kila mama, hii uliipata kwa nani, na yeye aliipata kwa nani. Kwa sababu mama anapochagua mbegu za kuweka kwenye kibuyu na kuacha nyingine anafanya uteuzi, kabisa, uteuzi ule ule tunaoufundisha darasani kwa mifano ya vipepeo vya Ulaya.

Tuliandika andiko. Likaenda kamati ya kwanza, likarudi, hili ni la kilimo. Tukapeleka kilimo, hili ni la sayansi ya jamii. Tukapeleka huko, mbona lina vinasaba ndani. Likazunguka mwaka mzima. Tulikuwa tunaomba milioni moja na laki nane. Mwishowe tukatoa mfukoni, tukaenda mara moja tu, siku nne, na siku ya tatu tulipokelewa na bibi mmoja mzee mno, akamwaga mbegu zake kwenye ungo, akaanza kuzitaja moja moja, hii ya mama mkwe, hii nilikuja nayo nikiolewa, hii ya mwaka wa njaa, hii aliniletea shoga yangu toka ng'ambo ya mto. Tukaandika mpaka kalamu ikaisha wino. Tukamwambia tutarudi na vifuko vya kuhifadhia, na kinasa sauti kizuri.

Hatukurudi na hela haikupatikana. Tulipokuja kusikia, bibi amefariki, na wajukuu walishapika zile mbegu kwenye matanga. Siyo kosa lao hata kidogo, wangejuaje? Ile karatasi bado ninayo. Ina majina na haina mbegu. Ndiyo maana nimesimama hapa leo na ndiyo maana sauti yangu iko hivi.

(Hapa nilinyamaza kidogo. Mama mmoja kati ya wale wazee wa mbele akasema kwa sauti, "Hata kwangu zipo," na watu wakampigia makofi.)

Najua kuna wengine mna jambo moyoni na ni heri tuliseme. Mageuko na imani. Mimi nimekulia nyumba ya Kimoraviani, bibi yangu alikuwa anasimulia habari za wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 kama vile aliwafungulia mlango. Sijawahi kuona sababu ya kuacha kusali ili nihesabu samaki. Mkiwa na mwanafunzi anayeogopa, msimcheke wala msimlazimishe, mpelekeni Masoko. Mwambieni atazame yule wa njano na yule wa bluu, aandike anachokiona, maswali mengine atakwenda nayo kwa mchungaji wake na kwa mwalimu wake, wote wawili. Na kama kuna mtu wa theolojia humu anataka kuwa sahihi ya pili kwenye fomu, akae na mtu wa baiolojia waulize vijana wetu wanaelewaje haya mambo, hilo ni swali zuri kabisa la utafiti.

Sasa hela yenyewe iendeshweje, maana mipango mizuri huwa inafia kwa mhasibu. Wahasibu wetu mpo, nawaheshimu, tusaidiane. Ukimpa mtafiti milioni 2 halafu ukamdai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa kila shilingi, mzee aliyemwongoza msituni ataitoa wapi? Bodaboda wa Isongole ataitoa wapi? Tuweke karatasi ya kusaini malipo, jina, kijiji, kiasi, dole gumba kama hajui kuandika, mwenyekiti wa kijiji agonge muhuri, na hiyo ikubalike kwenye kurejesha masurufu. Hela itoke mapema, itoke kabla ya mvua. Huku kwetu mvua ikishaanza Novemba barabara za Makete na Ileje mnazijua, hela ikitoka Januari umempa mtu tope. Na kiasi kisipande. Nimeona kwingine mfuko mdogo unaanza vizuri, halafu wakubwa wanauona, unapandishwa, unakuwa na kamati ya watu kumi na wawili wenye posho, na posho za kamati zinazidi ruzuku. Wasomaji watatu wanatosha, wapewe chai.

Na tukubali kwamba nyingine hazitaleta kitu. Mtu atakwenda, atauliza, atakuta wavuvi wana jina moja tu kwa samaki wote wawili. Aandike hivyo, ukurasa mmoja, tuuweke mahali pa kusomwa. Hiyo siyo hasara, wa kesho hatarudia safari. Ila kitu kimoja kisisamehewe, mtu kutorudi kijijini. Kwenye ile fomu kuwe na mstari wa nauli ya pili, nauli ya kurudi kuwaambia watu mlichokuta. Mstari huo ukiwa mtupu hela isitoke.

Wenzetu wengine walishaona hili. Pale Binghamton, jimbo la New York, mwanabaiolojia David Sloan Wilson aliwaunganisha walimu na wanafunzi wa idara mbalimbali kwenye programu moja ya masomo ya mageuko, wa anthropolojia, wa saikolojia, wa baiolojia, hata wa fasihi, wakae chumba kimoja wamsikilize mgeni mmoja kisha wabishane. Hawakujenga jengo jipya. Sisi tuna vyuo Mbeya na Iringa, tuna watu wa kilimo pale TARI Uyole, tuna hospitali, tuna Isimila, Rungwe, Kitulo, Masoko, Nyasa, Rukwa. Semeni ninyi, ni nani duniani mwenye uwanja kama huu mlangoni kwake?

Sikuja mikono mitupu. Walimu sita tumechangishana tangu mwaka jana, kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, tumefikisha milioni 3. Ni ruzuku mbili za milioni moja na nusu. Wakuu wa vyuo mkituongezea tutashukuru, msipotuongezea tunaanza hivyohivyo. Fomu ziko pale mezani karibu na mlango, kurasa mbili, Kiswahili au Kiingereza unavyoona vema, mwisho wa kuzipokea ni tarehe 30 mwezi ujao, na safari zote ziwe zimeisha kabla ya Novemba. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaruhusiwa kuwa sahihi ya kwanza, mradi ya pili iwe ya mwalimu wa idara nyingine.

Na mama, wewe uliyesema zipo kwako, naomba usiondoke kabla hatujaongea. Nina vifuko kwenye gari, na nina kijana wa isimu hapa anaitwa aje, simama kijana, na binti wa kilimo yule pale nyuma, njoo huku mbele. Mwamkieni mama. Chai iko tayari, karibuni.